Naomba mawazo: nataka kupamba meza ya chakula kwa mavuno, mama anasema chakula hakichezewi

Mama Shani – Kisasa, Dodoma

Mbukwenyi wapendwa wa Dodoma na kwingineko. Naomba mawazo yenu, nina wiki mbili tu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa sita ukoo wetu unakutana kula pamoja baada ya mavuno. Miaka yote tulikuwa tunakutania kijijini, upande wa Mvumi, chini ya mkwaju wa baba. Baba alitutoka mwaka jana. Mama naye mguu umemsumbua tangu mvua zilipoanza, nimemleta akae nami hapa Kisasa. Kaka zangu wakakaa wakasema basi mwaka huu tukutane kwako. Watu wazima ni 14, watoto sijawahesabu.

Nina meza moja ya mninga ya viti sita, urefu sentimita 180, upana 90. Nililipa fundi wa Kizota kidogo kidogo kwa miezi saba hadi ikaisha, kwa hiyo naipenda. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa hakinisumbui: nimeshanunua kaniki, nimeikata ya kulala katikati ya meza na kuikunja pindo kwa kitenge cha rangi ya udongo. Kinachonisumbua ni cha kuweka juu yake.

Shani wangu yuko kidato cha tatu. Alinionyesha kwenye simu picha za meza za Ulaya na Marekani wakati majani ya miti yao yanapukutika: maboga ya rangi ya chungwa, majani mekundu, masuke ya ngano yamefungwa kwa utepe, mishumaa. Nilipoziangalia nikamwambia, mwanangu, hawa wamevuna. Ni kama sisi tu. Yeye akataka tukanunue majani ya plastiki mjini. Nimekataa. Siwezi kuweka jani la plastiki la mti nisioujua wakati gari la kaka limeshusha mlangoni kwangu vitu vya shamba la mama.

Vilivyopo ni hivi. Uwele, masuke yake hayajapurwa, gunia zima. Mtama mwekundu kiasi, na ule mweupe. Vichwa vya alizeti vilivyokauka, kama 20. Maboga matatu, moja lina mistari ya kijani na mawili yamegeuka rangi ya njano iliyokolea. Karanga na njugu mawe kwenye maganda yake. Na kibuyu.

Kibuyu hiki niwaeleze kidogo. Ni cha maziwa, alikuwa nacho bibi mzaa baba. Kimekuwa cheusi kwa moshi na mafuta, ukikishika kinateleza kama ngozi. Ubavuni kina ufa wa urefu wa kidole, na ufa huo umeshonwa. Nimeshona nguo miaka 19 na sijawahi kuona mshono kama ule: matundu madogo pande mbili, yanatazamana sawasawa, na uzi wa ukano wa ng'ombe umepita ukivuka, ukarudi, ukavuka tena, hadi ufa umefungwa kabisa. Maziwa hayavuji. Nimekaa nacho mapajani nikiutafuta mwanzo wa ule uzi, sijauona. Nataka kikae katikati ya meza.

Sasa tatizo. Juzi nilichukua masuke ya uwele nikayapanga kwenye chupa ya maua kujaribu. Mama akatoka chumbani, akayatazama. Hakupiga kelele. Aliyatoa moja moja, akayafunga tena kwa kamba, akayarudisha kwenye gunia, akaokota na punje zilizodondoka mezani akaziweka kiganjani. Akaniambia, "Chakula hakichezewi."

Usiku ndiyo akanieleza. Bibi yake aliipitia ile njaa kubwa ya Ugogo, Mtunya, ya 1917 hadi 1920, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopita huku. Majeshi, kwanza ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Halafu mvua ikakataa. Bibi yake alibaki mmoja kati ya watoto watano. Mama anasema yule bibi hadi anazeeka alikuwa akipepeta uwele anafagia chini kwa mkono, si kwa ufagio, ili asipoteze punje. Nimeishi na mama miaka yote hii, hilo la watoto watano hakuwahi kunisimulia.

Kwa hiyo sitaki kumuumiza. Lakini pia sitaki ukoo uje kwangu mara ya kwanza bila baba wakute meza tupu yenye mabakuli ya plastiki. Nataka waingie waone shamba. Nifanyeje? Na kwa upande wa kazi yenyewe: uwele unamwaga makapi na vumbi lake linawasha, alizeti inapukutisha mbegu, na nimeshaona vidudu viwili vikitembea kwenye mtama. Watu 14 kwenye meza ya viti sita nawapangaje? Mwenye uzoefu anisaidie.

---

Mpambaji wa Singida

Dada Mama Shani, hongera kwa kumtunza mama, na pole kwa kuondokewa na mzee. Mimi napamba kumbi, harusi na kipaimara, huu ni mwaka wa 11. Nikuambie ninavyofanya.

Kwanza kabisa amua meza hiyo ni ya kukalia au ya kupakulia. Kwa watu 14 ni ya kupakulia, usijidanganye. Meza ya upana wa sentimita 90 wakikaa watu pande mbili, sahani na mikono inakula kama 35 kila upande. Unabakiwa na 20 katikati. Hapo ungo hauingii, kibuyu kitagongwa na kiwiko cha mtu, na masuke marefu yatawaziba nyuso wakashindwa kutazamana wakiongea. Isogeze meza ukutani. Ukifanya hivyo nyuma unaweza kwenda juu unavyotaka, na mbele ndiyo unapanga vyombo.

Urefu unautengeneza kwa vitu vya ndani ya nyumba. Chukua tofali mbili au ndoo ndogo, funika kwa kaniki yako, tayari una ngazi. Kibuyu kikae kwenye ngazi ya juu kikiwa kimegeuza ule mshono mbele, watu wauone. Usikibanane na vitu. Mimi nikipewa kitu kimoja kizuri cha mteja, naacha shubiri moja wazi kila upande. Maboga chini kabisa, ya njano yakae pamoja, lenye mistari likae upande wa pili peke yake. Alizeti usizisambaze, zipange kwa kundi, zikiangalia mbele.

Vidudu: anika mtama na alizeti juani siku tatu, juu ya turubai jeusi, geuza geuza. Jua la Dodoma la mchana linatosha kuvifukuza. Masuke yakung'ute nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni kwako, ufunge kitambaa puani.

Mishumaa kaa nayo mbali. Mabua makavu, upepo wa kipupwe na watoto usiowahesabu. Sitasema zaidi.

Kuhusu kupukutika kwa punje, sisi tunapuliza spreya ya nywele, au vanishi nyepesi ya mbao. Suke linashika, halidondoshi hata punje moja, na linang'aa.

---

Mama Shani

Asante sana mdogo wangu, au dada yangu, sijui umri. Hili la kusogeza meza ukutani sikuliwaza kabisa na limenipunguzia mzigo nusu. Tofali ninazo.

Hilo la spreya limenipa wasiwasi. Nikipuliza, yale masuke hayaliwi tena. Nikimwambia mama nimepuliza vanishi kwenye uwele wake sijui nitamtazamaje.

---

Mzee wa Hombolo

Mwanangu Mama Shani, usipulize. Mpambaji amekushauri vizuri sehemu nyingine zote, ila hapo kwenye spreya mimi nakuzuia. Mama yako hajakukataza kupamba. Amekukataza kuharibu.

Nikuulize, mbegu ya msimu ujao ameshaichagua? Kwa mlivyovuna na kupakia haraka na mguu wake huo, nadhani bado. Sisi zamani, na wengine hadi leo, mbegu haitoki kwenye gunia. Inatoka kwenye suke. Mama wa nyumba anapita anachagua masuke yaliyojaa hadi ncha, yasiyodonolewa na kwelea kwelea, anayafunga mafungu, anayaning'iniza jikoni juu ya mafiga. Moshi unayafukuzia wadudu hadi mvua za Desemba. Fungu hilo halipurwi, na hata nyumba ikose unga haliguswi.

Basi nenda kwa mama, usimwombe ruhusa ya kupamba. Mwombe akuchagulie mbegu. Mpe mkeka, mpe gunia, kaa naye. Yale atakayoyachagua ndiyo uyaweke mezani kwa siku hizo mbili, kisha yanakwenda kwenye moshi mahali pake. Hapo hakuna anayechezea chakula. Wanaukoo watakuwa wanaona mbegu ya mwakani imesimama mbele yao. Na yakidondosha punje kidogo, si neno, tandika ungo chini yake, kuku wa kwako wapo.

Nyongeza ndogo. Mimi ni mkulima wa zabibu. Zabibu zenyewe utazikosa, za awamu hii zinaiva mwezi wa nane kwenda wa tisa. Ila matawi tuliyopogoa yapo. Ukiyaloweka usiku kucha yanalainika, unayasokota duara kama kata ya kubebea maji. Weka kibuyu juu yake, maana kibuyu kina tako la mviringo, kitakuangukia mezani. Chukua matawi tu, majani acha, tunayapulizia dawa za ukungu, si ya kuweka karibu na chakula.

---

Mtoto wa Makole – Bremen, Ujerumani

Shikamoo Mzee wa Hombolo. Dada, salamu kutoka mbali.

Niko huku mwaka wa sita, na hizo meza alizokuonyesha Shani nimezikalia. Nataka kukuambia kwa nini ziko vile, utajua cha kuchukua na cha kuacha. Kamusi nyingi huuita msimu huo wa majani kupukutika vuli, ila vuli ya kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba za watu wa Tanga na Moshi, na Dodoma hata hatuna, mvua yetu ni moja. Wengine wanasema mapukutiko. Mimi nimelipenda hilo, maana ndicho kinachotokea: kuanzia mwisho wa Septemba mchana unazidi kufupika, mti unaacha kutengeneza kijani, kijani kilichokuwepo kinavunjika, njano iliyokuwa imefichwa chini yake inatokeza. Nyekundu yenyewe miti mingine huitengeneza wakati huo huo. Wiki chache tu na yote yako chini.

Mishumaa inawashwa kwa sababu saa 11 jioni ya Novemba hapa ni giza. Wewe unalisha watu mchana na jua limejaa sebuleni, mshumaa wa nini? Majani nayo ni kwa sababu yanaanguka bure mlangoni. Ukiyaokota bila kuyabana kwenye kitabu, siku ya pili yamejikunja kama karatasi iliyoungua. Maboga kwa sababu ndiyo kwanza yametoka shambani, na mengi yanaishia kuwa supu. Jumapili ya kwanza ya Oktoba makanisa mengi huku yanapamba madhabahu kwa ngano, maboga, mikate na tufaha, wanashukuru kwa mavuno. Siku ya kwanza kuiona nililia. Nilikumbuka sikukuu ya mavuno ya kanisani kwetu, masuke ya mtama yamefungwa kwenye nguzo, mbuzi amefungwa nje anasubiri mnada, na bibi mmoja akanunua boga lake mwenyewe alilolitoa.

Kama Shani anataka jani jekundu kwa dhati, mtazame mkungu mtaani kwenu. Majani yake mapana yanageuka mekundu kabla ya kuanguka, mti mmoja unaweza kuwa na kijani, njano na damu ya mzee kwa wakati mmoja. Muokote kama kumi, mlaze ndani ya kitabu kizito siku tatu.

---

Bwana Shamba mstaafu – Kondoa

Mambo mawili tu, ni ya usalama.

Karanga, njugu na nafaka usizinyunyizie maji ili zing'ae, nimeona watu wakifanya hivyo kwenye maonyesho. Unyevu unaleta ukungu, na ukungu ule ndio unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha huku Dodoma na Manyara kwa sababu yake, wilaya yangu ikiwemo. Kuchemsha au kukaanga hakuimalizi. Kama mtakula karanga hizo, ziwekeni kavu na ziondoke kavu. Iliyosinyaa au yenye rangi ya ajabu itupwe, asipewe hata kuku.

La pili, mtu asije akakushauri uweke vichala vya mbarika kwa ajili ya rangi yake, au zile punje nyekundu zenye doa jeusi, tipitipi. Ni nzuri kwa macho. Zote mbili ni sumu kali, na mtoto anaitafuna punje kama pipi. Meza ya chakula si mahali pake.

---

Mke wa Dereva – Kibaigwa

Sina ushauri, nimesoma yote nimeguswa na hiyo ya kuokota punje kiganjani. Marehemu mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Tafadhali ukimaliza uje utuambie mama alisemaje.

---

Mama Shani

Nimerudi, wapendwa. Samahani kwa kimya, kuna sare za shule zilikuwa zinanisubiri.

Mzee wa Hombolo, shikamoo, na Mungu akuzidishie. Nilifanya ulivyosema. Jumatano asubuhi nilitandika mkeka barazani, nikamsogeza mama, nikamwagia masuke mbele yake, nikasema, "Mama, mbegu hatujachagua." Akanitazama kidogo. Akasema, "Nilikuwa nangoja nione kama mtakumbuka."

Alichagua hadi saa saba. Mimi na Shani tulikaa pembeni tukijifunza. Suke analishika kwa chini, analipitisha kiganjani taratibu kuelekea ncha, amefumba macho. Nilimwuliza anatafuta nini. Akanishikisha: suke la uwele lililojaa limebana kama kitambaa cha turubai, vidole havizami. Lililodonolewa na ndege au lililokosa maji mwishoni lina mahali vidole vinaingia, hata kama kwa macho linaonekana zima. Nilijaribu matano, nikakosea mawili. Shani alijaribu matano akapata yote, na bibi yake akacheka nikasikia kicheko chake cha zamani. Akamsimulia alivyokuwa anaamia ndege akiwa msichana, amefunga kamba za makopo shamba zima, anavuta anaimba. Tulipata masuke 31 ya uwele na 12 ya mtama. Yaliyobaki tulipura jioni, ndiyo uliokuwa ugali wa Jumamosi.

Mpambaji, nilifuata ngazi zako. Tofali tatu chini ya kaniki, masuke nyuma yamesimama kwenye mtungi mkavu, kibuyu juu ya kata ya matawi ya zabibu kimegeuza mshono mbele. Alizeti tisa kwa kundi moja. Nilizianika siku tatu kama ulivyosema na bado nikazikagua moja moja, na hapo ndipo nilipogundua jinsi zile mbegu zilivyopangwa: zinatoka katikati zikizunguka kwenda kulia, na ukitazama tena zinazunguka kwenda kushoto, mistari inapishana kama ukili uliosukwa. Nimekaa na nguo za watu miaka yote hii nikitafuta mapambo, na lile lilikuwa shambani. Njugu mawe tuliziweka kavu kwenye bakuli la mti, Bwana Shamba, hakuna aliyezigusa kwa maji. Majani ya mkungu Shani aliyapata 15, akaandika jina la kila mtu mzima kwa kalamu nyeupe, la baba likawa la 15. Hilo sikumtuma.

Kuna lililoharibika. Boga moja la njano lilikuwa limeanza kuoza kwa chini, sikuligeuza kulitazama. Ijumaa usiku likatoa maji, kaniki ikalowa na pindo la kitenge likaacha rangi kwenye mninga. Niliamka saa kumi nikafua, nikapiga pasi hadi ikakauka. Alama kwenye meza bado ipo, kama kiganja cha mtoto. Wenye maboga geuzeni mtazame tako kabla hamjaweka, mguse kwa kidole, likibonyea ondoeni.

Siku yenyewe kaka mkubwa aliingia wa kwanza. Alisimama mlangoni akatazama ile meza muda, hakusema kitu, akavua kofia. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye kibuyu akaweka kidole juu ya mshono. Chakula kilikuwa ugali wa uwele, mlenda, kuku wawili wa kienyeji, mbuzi aliyechomwa na vijana nyuma ya nyumba, na maziwa ya mgando. Watu wakapakua.

Mama hakukaa kwenye kiti. Nilimwekea kiti kizuri chenye mto, akasema mgongo wake unataka ukuta na miguu yake inataka mkeka. Akakaa chini. Shangazi akamfuata, akafuata mama mdogo, wakafuata wajukuu, na nilipogeuka na bakuli la mlenda mezani kulikuwa na wanaume watatu tu wamesimama na sahani, ukoo mzima uko chini umezunguka mikeka miwili. Nilisikia moyo ukinishuka kidogo, nitakuwa mkweli kwenu. Wiki mbili nimehangaikia meza.

Ndipo mama akasema, "Shani, leta mbegu yetu huku." Shani akashusha masuke kwenye ungo, akaweka na alizeti na yale majani yenye majina, akaweka katikati ya mkeka. Mpwa wangu akabeba kibuyu na kata yake. Kila mtu akatafuta jani lake. La baba mama akalichukua akaliweka mbele yake, karibu na kikombe, akaendelea kula. Wazee wakaanza kushika masuke na kubishana lipi limetoka shamba la bondeni na lipi la mlimani, mama akawa anawaambia mmoja mmoja walipokosea.

Jumapili jioni masuke yalikwenda juu ya jiko la kuni nyuma ya nyumba. Nilimpa mama vipande vya kile kitenge cha pindo, akayafunga mafungu manne. Kuku wamekula punje zilizobaki kwenye ungo. Boga la mistari tumelila jana na maziwa.

Kibuyu kimebaki mezani peke yake. Leo asubuhi mama amekigeuza geuza mwangani akasema uzi mmoja umeanza kulegea, karibu na shingo. Ameniambia nikienda soko la Sabasaba nipitie kwa wauza nyama, niwaombe ukano, mrefu, wa mgongoni. Anasema yule bibi mwenye kibuyu alimfundisha mahali uzi unapoanzia.